Kulinda Vitabu vya Chama Kabla ya Kubadili Programu za Seva

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi vyama vya ushirika vya nchi hii viliufuata usemi huo kwa vitendo. Mwanachama alipoleta akiba yake, karani aliandika stakabadhi juu ya karatasi ya kaboni. Ya juu alipewa mwanachama, ya chini ilibaki kitabuni. Kiasi hicho hicho kiliandikwa katika kitabu cha mwanachama, ambacho alirudi nacho nyumbani, na tena katika leja ya chama iliyofungiwa ofisini. Hivyo kila shilingi iliandikwa zaidi ya mahali pamoja, na maandishi hayo hayakulala yote chini ya paa moja. Ofisi ikiungua, vitabu vya wanachama vilisalimika. Mwanachama akipoteza kitabu chake, leja ilimtetea.

Siku hizi vyama vingi, hasa vile vya akiba na mikopo vya mijini, vimehamishia hesabu zao katika kompyuta. Faida yake ni kubwa: urari uliokuwa ukichukua siku nyingi hupatikana kwa dakika chache, na mwanachama huarifiwa salio lake kwa simu. Lakini leja ilipoondoka, kaboni nayo iliondoka. Katika vyama kadhaa kitabu cha mwanachama kimeachwa kabisa, na hesabu zote za chama zimebaki katika mashine moja iliyo katika chumba kimoja. Mashine hiyo huguswa na fundi mara kwa mara, na wakati ambapo huguswa kwa kina zaidi ni pale programu zake zinapobadilishwa kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya.

Makala haya yanaeleza kazi inayopaswa kutangulia badiliko hilo, yaani kutoa nakala ya akiba ya seva na kuijaribu. Yameandikwa kwa ajili ya wenyeviti, wajumbe wa bodi, wajumbe wa kamati za usimamizi na mameneja, ambao si mafundi wa kompyuta, lakini ndio waliokabidhiwa mali ya wanachama.

SEVA NA VILIVYOMO NDANI YAKE

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Karani anapoketi dirishani na kuingiza malipo ya mwanachama, mashine iliyo mbele yake hupeleka ombi kwa seva, na seva ndiyo inayoandika, kujumlisha na kurudisha jibu. Kwa lugha ya ofisi ya zamani, mashine ya karani ni meza, na seva ni kabati la leja pamoja na mhasibu anayelitunza.

Ndani ya seva mna vitu vya namna nne ambavyo kiongozi anapaswa kuvifahamu. Cha kwanza ni mfumo endeshi, ambao huiwezesha mashine yenyewe kufanya kazi. Cha pili ni programu ya hesabu iliyonunuliwa na chama. Cha tatu ni hifadhidata, ambamo zimo hisa, akiba, mikopo, dhamana na marejesho ya kila mwanachama. Cha nne ni faili za mipangilio pamoja na viambatisho: viwango vya riba, majina ya watumiaji na mamlaka ya kila mmoja, funguo za leseni, maelezo ya kuunganisha programu na malipo ya simu, picha za vitambulisho na mikataba ya mikopo.

Mara nyingi fundi akiulizwa kama amechukua nakala, hujibu kwamba amenakili hifadhidata. Jibu hilo laweza kuwa la kweli, lakini halitoshi. Chama kikirudishiwa hifadhidata peke yake, bila programu ya toleo lile lile na bila mipangilio yake, kitakuwa kama ofisi iliyookoa leja lakini haina mhasibu anayeweza kuisoma. Nakala ya akiba iliyokamilika ni ile inayochukua vitu vyote vinne.

KWA NINI BADILIKO LA TOLEO LINA HATARI

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kubadili toleo si kosa, bali ni wajibu. Mwezi Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikazifunga faili zake na kudai fidia. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimewekwa kiraka hicho. Basi chama kinachokaa na programu za zamani kwa kuogopa mabadiliko hakijajikinga, bali kimeacha mlango wazi.

Hatari iliyopo inatokana na namna badiliko linavyofanyika. Toleo jipya la programu ya hesabu huweza kubadili umbo la hifadhidata yenyewe. Mfano wake ni mhasibu mpya anayekuta leja yenye safu tano, naye anataka safu saba. Hupiga mistari upya na kuhamisha kila ingizo kutoka safu za kale kwenda safu mpya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, nusu ya leja huwa ya namna ya zamani na nusu ya namna mpya, na huenda toleo lolote lisiweze kuisoma. Hata kazi ikikamilika salama, toleo la zamani mara nyingi haliwezi tena kuisoma leja iliyopigwa mistari mipya. Kwa sababu hiyo, kurudisha programu ya zamani peke yake hakurudishi hali ya zamani. Lazima irudishwe pamoja na hifadhidata ya saa ile ile.

Jambo hili liliwahi kuzigharimu benki kubwa. Jumapili, tarehe 17 Juni 2012, mafundi wa kundi la benki la Royal Bank of Scotland nchini Uingereza walibadili toleo la programu inayopanga kazi za usiku, yaani zile zinazofanywa na kompyuta baada ya benki kufungwa ili malipo ya siku yaingie katika akaunti. Kasoro zilipoonekana wakaamua kuliondoa toleo jipya na kurudi katika la zamani, lakini hawakujaribu kwanza matokeo ya kurudi huko. Toleo jipya na la zamani hayakupatana, na kazi za usiku zikavurugika. Wateja wasiopungua milioni 6.5 wa benki za kundi hilo waliathirika. Wengine hawakuweza kujua salio lao, wala kulipa walichotakiwa kulipa, na baadhi yao waliendelea kusumbuka kwa wiki kadhaa. Mwezi Novemba 2014 wasimamizi wa fedha wa nchi hiyo waliitoza benki hiyo faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Benki hiyo ilikuwa na mafundi wengi na fedha nyingi. Kilichokosekana ni maandalizi ya kurudi nyuma. Chama cha msingi chenye fundi mmoja wa kibarua hakiwezi kudhani kwamba kitasalimika kwa bahati pale ambapo benki kubwa haikusalimika.

HASARA KATIKA HESABU YA CHAMA

Ni vema hasara hiyo ipimwe kwa kipimo cha chama cha kawaida. Chukuliwe mfano wa chama cha akiba na mikopo cha Mabibo, katika Manispaa ya Ubungo ambayo hapo zamani ilikuwa sehemu ya Kinondoni. Mfano huu hauhusu chama fulani; ni hesabu tu. Chama kina wanachama 400: wauzaji wa soko la ndizi liitwalo Mahakama ya Ndizi, watumishi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wenye maduka, mafundi cherehani na waendesha bodaboda. Kila mwanachama huandikiwa maingizo mawili kwa mwezi, moja la akiba na moja la rejesho la mkopo. Kwa miaka mitano, yaani miezi 60, maingizo hayo hufika 48,000.

Hifadhidata ikiharibika bila nakala, na stakabadhi zote za karatasi zikawa zimetunzwa, karani mwenye uwezo wa kuingiza stakabadhi 300 kwa siku atahitaji siku 160 za kazi. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, hiyo ni zaidi ya miezi saba, na katika muda huo wote mkopo hauwezi kutolewa kwa uhakika wala gawio kukokotolewa. Stakabadhi zikiwa hazipo, hakuna idadi ya siku itakayotosha.

Hasara ya watu ni nzito kuliko hasara ya siku. Mwanachama aliyerejesha awamu kumi kati ya kumi na mbili anaweza kuonekana amerejesha nne. Wadhamini wake, walioweka akiba zao kuwa dhamana, watashikiliwa kwa deni lililokwisha kulipwa. Yule ambaye hajalipa naye atadai kwamba alilipa, na chama hakitakuwa na maandishi ya kumkanusha. Hapo mkutano mkuu hugeuka kuwa baraza la mashauri, na wanachama waaminifu huanza kutoa akiba zao mmoja mmoja. Chama cha akiba na mikopo hakina kiwanda wala shamba la kuonyesha. Mali yake ni imani ya wanachama na maandishi yanayoithibitisha.

NAKALA ZINAZODHANIWA KUWA NAKALA

Wakaguzi wa vyama wanapouliza habari za nakala ya akiba, hupewa majibu ya namna mbalimbali. Baadhi ya majibu hayo yanataja vitu ambavyo si nakala ya akiba hata kidogo.

Lipo jibu la diski pacha. Seva nyingi huwa na diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Hiyo ni kinga dhidi ya kifo cha diski. Haiwi kinga dhidi ya makosa, kwa kuwa kosa linapoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili.

Lipo jibu la picha ya papo kwa papo, ambapo seva huhifadhi hali yake ya saa fulani ili iweze kurudishwa haraka. Njia hii inafaa sana wakati wa kubadili toleo, na fundi aitumie. Lakini picha hiyo aghalabu hukaa katika diski ile ile ya seva na huitegemea. Diski ikifa, vyote viwili hufa pamoja.

Lipo pia jibu la kunakili faili za hifadhidata wakati makarani wanaendelea na kazi. Hilo ni sawa na kumpiga picha mhasibu katikati ya ingizo: upande wa kutoa umeandikwa, upande wa kupokea bado. Nakala ya namna hiyo huweza kukataa kufunguka, au ikafunguka ikiwa na hesabu zisizolingana. Hifadhidata itolewe nakala kwa chombo chake maalumu cha kutolea nakala, au huduma isimamishwe kwanza.

Jibu la mwisho ni kwamba nakala hujitoa yenyewe kila usiku. Hapo iulizwe ni lini mara ya mwisho nakala hiyo ilifunguliwa. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, inayowahifadhia kazi waandishi wa programu wa nchi nyingi, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva kuu. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujihifadhi, na ilipozikimbilia ikakuta kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Mojawapo ilikuwa imeshindwa kutoa nakala kwa sababu chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la zamani kuliko hifadhidata, na barua za kuonya juu ya kasoro hiyo hazikumfikia mtu. Kilichoiokoa ni nakala moja ambayo fundi aliitoa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali. Kazi ya saa hizo sita ilipotea.

Tukio hilo lina onyo mahususi kwa wanaobadili matoleo. Hifadhidata ikipandishwa toleo, chombo cha kutolea nakala nacho huenda kikahitaji kupandishwa. La sivyo, chama hutoka salama katika badiliko la leo, kisha huishi miezi mingi bila nakala na bila kujua.

NAKALA IKAE WAPI

Kanuni inayokubalika na wengi katika kazi hii ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za taarifa, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yake nje ya jengo. Kwa chama cha msingi kanuni hii haina gharama kubwa. Ya kwanza ni taarifa zenyewe zilizo ndani ya seva. Ya pili ni diski ya nje inayofungiwa katika kasha la fedha. Ya tatu hupelekwa mbali, kwa mfano katika ofisi ya chama kikuu, benki, au kwa mtoa huduma wa kuhifadhi taarifa kwa njia ya mtandao.

Umbali una maana yake. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia nakala za akiba, lakini nakala hizo zilikuwa mahali pale pale pa seva zao, wakapoteza vyote. Kwa wakazi wa Dar es Salaam jambo hili halihitaji mfano wa mbali. Mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi, lisilo mbali na Mabibo, yalionyesha jinsi maji yanavyoweza kuingia ndani ya nyumba kwa usiku mmoja. Diski iliyo katika droo ya chini na seva iliyo sakafuni zitalowa pamoja.

Hata hivyo nakala ya mbali isiwe ndiyo pekee. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na katika nchi jirani. Chama ambacho nakala yake moja tu iko ng'ambo hakiwezi kuifikia siku kama hiyo. Ndiyo sababu kanuni inataka mahali zaidi ya pamoja.

Diski ya akiba ikishamaliza kunakili ichomolewe. Programu haribifu inayofunga faili za seva hufunga pia diski iliyounganishwa nayo. Tena diski inayotoka ofisini ifungwe kwa nywila, kwa kuwa imebeba majina, namba za simu na madeni ya wanachama, mambo ambayo yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nywila yenyewe iandikwe na kuwekwa katika bahasha iliyotiwa muhuri ndani ya kasha. Nywila iliyo kichwani mwa fundi peke yake huondoka naye siku anapoacha kazi.

KUIJARIBU NAKALA

Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Kabla ya toleo jipya kuwekwa, nakala ifunguliwe katika mashine nyingine, hata ikiwa kompyuta ya kawaida ya ofisini yenye nafasi ya kutosha. Mashine hiyo itengwe na mtandao. Tahadhari hii si ndogo: nakala iliyofunguka ni programu kamili, nayo ikiachwa na mtandao yaweza kuwatumia wanachama ujumbe wa simu au kurudia maagizo ya malipo yaliyokwisha kutekelezwa.

Baada ya kufunguka, urari utolewe katika mashine zote mbili na kulinganishwa. Takwimu tano zitatosha kuonyesha kama nakala ni kamili: idadi ya wanachama, jumla ya hisa, jumla ya akiba, jumla ya mikopo iliyobaki, na namba ya stakabadhi ya mwisho. Kisha zichaguliwe akaunti kumi za wanachama, zikiwamo za wadaiwa, na kila moja isomwe mstari kwa mstari. Kazi hii isifanywe na fundi aliyetoa nakala. Ifanywe na mhasibu, na mjumbe wa kamati ya usimamizi awe shahidi, kama vile fedha za kasha zinavyohesabiwa mbele ya mtu wa pili.

Mashine hiyo hiyo ya majaribio yafaa kwa kazi nyingine muhimu. Toleo jipya liwekwe kwanza humo. Likivuruga hesabu za nakala, limevuruga karatasi ya mazoezi. Leja ya kweli bado ipo.

SIKU YA KAZI

Siku ya kubadili toleo ichaguliwe kwa busara. Isiwe mwisho wa mwezi, wala siku za makato ya mishahara, wala wiki ya mkutano mkuu. Ijumaa jioni ni wakati unaofaa vyama vingi, kwa sababu siku mbili hubaki za kusahihisha. Mpango ufuatao waweza kurekebishwa kulingana na chama:

1. Wanachama watangaziwe mapema kwamba huduma itasimama, na lini itarudi.

2. Umeme uhakikishwe. Mita ya LUKU iwe na uniti za kutosha, na betri ya kushikilia umeme ipimwe kama inabeba seva kwa muda wa kuizima kwa utaratibu.

3. Saa 11 jioni kazi ifungwe, watumiaji wote watoke katika programu, na urari wa siku uchapishwe na kutiwa saini.

4. Nakala kamili ya vitu vyote vinne itolewe hapo, baada ya kufunga, na kuhakikiwa kwa njia iliyoelezwa. Nakala ya jana haitoshi, maana haina kazi ya leo.

5. Programu ya kusimika toleo la zamani, pamoja na ufunguo wake wa leseni, iwe mkononi.

6. Toleo jipya liwekwe. Kila hatua iandikwe katika daftari la seva pamoja na saa yake.

7. Urari utolewe tena na kulinganishwa na ule uliotiwa saini.

8. Muda wa mwisho uwekwe kabla ya kuanza. Ikiwa, kwa mfano, hadi saa 4 usiku urari haujalingana, hali ya zamani irudishwe. Uamuzi huo ni wa meneja, kwa kuwa fundi aliyechoka hupenda kujaribu mara moja zaidi.

9. Kazi ikifaulu, nakala mpya itolewe, na asubuhi ya pili ihakikiwe kwamba nakala ya kila usiku imetoka na inafunguka.

Lipo jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Kasoro ikigunduliwa siku tano baada ya badiliko, kurudi katika nakala ya Ijumaa kutafuta malipo yote ya siku hizo tano. Kwa hiyo, katika wiki ya kwanza ya toleo jipya, kila malipo yaandikiwe pia stakabadhi ya karatasi yenye kaboni. Vitabu vichache vya stakabadhi ni gharama ndogo ya kuhakikisha kwamba mwanachama aliyelipa Jumanne hataambiwa hakulipa. Nayo nakala iliyotolewa kabla ya badiliko itunzwe angalau hadi ukaguzi wa mwaka huo ukamilike.

IKIWA SEVA IKO KWA MTOA HUDUMA

Vipo vyama visivyo na seva ofisini. Programu yao huendeshwa na kampuni, na makarani huifikia kwa intaneti. Vyama hivyo vina kazi ndogo zaidi ya mikono, lakini wajibu ni ule ule. Mkataba useme wazi nani hutoa nakala, mara ngapi, hukaa wapi, hutunzwa kwa siku ngapi, na chama kitaarifiwa siku ngapi kabla ya toleo kubadilishwa. Useme pia kwamba chama kikiondoka kitapewa taarifa zake zote katika umbo linaloweza kusomwa na programu nyingine. Kila mwisho wa mwezi, chama kijipakulie orodha ya wanachama na masalio yao na kuichapisha.

Vilevile chama kisijidanganye kwamba kwa kuwa hupeleka taarifa katika mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, basi kina nakala ya leja yake. Mfumo huo uliwekwa kwa usimamizi wa vyama. Leja ya kila mwanachama inabaki kuwa jukumu la chama chenyewe.

WAJIBU WA VIONGOZI

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inakitaka kila chama kitunze hesabu zake na zikaguliwe. Sheria haiulizi kama hesabu hizo ziko katika karatasi au katika mashine. Mkaguzi akifika na kukuta leja imepotea, hawezi kupokea jibu kwamba kompyuta ilibadilishwa toleo, kama vile hapo zamani hakupokea jibu kwamba panya walikula vitabu.

Kwa hiyo bodi ipitishe azimio, liandikwe katika muhtasari, kwamba hakuna programu ya seva itakayobadilishwa bila kibali cha maandishi cha meneja, na kwamba kibali hicho hakitatolewa mpaka hati ya majaribio ya nakala imetiwa saini na mhasibu na mjumbe wa kamati ya usimamizi. Kamati ya usimamizi nayo ifungue nakala moja kila robo mwaka, pasipo kungoja badiliko lolote.

Mwanachama wa kawaida, hata yule asiyejua kutumia kompyuta, ana haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza maswali matatu: nakala ya vitabu vyetu iko wapi, ilifunguliwa lini mara ya mwisho, na nani alishuhudia. Chama ambacho viongozi wake wanayajibu maswali hayo kwa tarehe na kwa majina kinaweza kubadili toleo wakati wowote bila hofu. Ambacho hakiwezi, kiahirishe badiliko hilo na kuianza kazi ya nakala leo jioni, baada ya kufunga hesabu.